Mgongo wa Sisimizi

Kwenye timu ile kila mtu alimwita Mjomba. Kocha, aliyemzidi umri na mvi, alimwita Mjomba. Dereva wa gari la timu, asiyekuwa na undugu naye hata wa kuungaunga, naye Mjomba. Mwenye haki ya neno hilo alikuwa mmoja tu, mpwa wake, mtoto wa dada yake, binti mwembamba ambaye magazeti ya michezo yalikuwa yameanza kumwita Sisimizi. Jina hawakulibuni wao. Alipewa na mama yake angali anatambaa, kwa sababu ukimweka hapa unamkuta kule, na kila unapomkuta ana kitu mdomoni.

Mjomba alikuwa fundi wa baiskeli. Siku za mashindano alikaa kiti cha nyuma cha gari la timu, magurudumu ya akiba yamembana kushoto na kulia kama abiria wasio na adabu, bisibisi mfukoni, macho mbele. Gari hufuata nyuma ya waendeshaji. Mmoja wao akipata pancha, fundi anaruka kabla gari halijasimama vizuri, anachomoa gurudumu, anachomeka jingine, anamsukuma mwenye baiskeli kiunoni hadi ashike mwendo, kisha anarudi garini akihema huku dereva akikicheka kitambi chake. Hiyo ndiyo kazi yake, na aliifanya vizuri, tusimnyime sifa yake.

Lakini kazi hiyo ina jambo moja ambalo watu wa nje hawalifikirii. Fundi wa gari la timu huona migongo tu. Tangu Sisimizi alipoingia kwenye mashindano ya watoto hadi mwaka huu, wa kwanza kwake kulipwa kwa kuendesha baiskeli, Mjomba alikuwa akimwona mgongo. Aliujua mgongo ule kama mkulima anavyojua mawingu. Kiwiko cha kushoto kikitoka nje kidogo, amechoka. Kichwa kikiinamia kulia, kuna jambo analipigia hesabu. Akiinuka kwenye tandiko na mabega yakatulia tuli, mithili ya mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani, basi walio pembeni yake waage kabisa, maana huyo anaondoka.

Hata kumaliza kwake hakuwahi kukuona. Magari ya timu hutolewa barabarani kwa njia ya pembeni kabla ya kufika mstari wa mwisho, na habari za ushindi Mjomba alizipokea redioni, amekwama nyuma ya gari la timu nyingine. Picha za magazetini zilimwonyesha mtoto ameshainua mikono, ameshacheka, ameshamaliza. Marudio ya televisheni huonyeshwa jioni, na jioni Mjomba huosha baiskeli.

Hakulalamika. Kuwa nyuma ndiko alikokutaka. Zamani kidogo, kwenye mteremko uliolowa mvua, aliuona mgongo ule ukilala barabarani mbele ya macho yake na kuburuzika hadi ukingoni. Alimfikia kabla ya daktari. Bega lilikuwa limevunjika, na mtoto alikuwa anauliza kama baiskeli imepona. Mama yake, mshona nguo asiye na maneno mengi, alipofika hospitali alimtazama mwanawe, halafu akamtazama kaka yake, akasema, "Sitamkataza. Lakini wewe usimtoe machoni." Mjomba akaapa. Na tangu siku hiyo ikamwingia akilini, kimyakimya kama imani zinavyoingia, kwamba mtoto haanguki kwa sababu yeye yuko nyuma anamtazama. Ungemuuliza angekana. Lakini kila palipokuwa na mteremko alifunga mipira mipya ya breki, hata kama ile ya jana haijalika, na kwenye kona kali alikanyaga sakafu ya gari kwa mguu wake mwenyewe, mpaka dereva akamwambia ipo siku atatokea chini.

Sasa likaja jambo. Timu kubwa, kubwa hasa, yenye basi lake na wapishi wake na mafundi wake wenyewe, ilimtaka Sisimizi. Mashindano ya wiki nzima, yaliyokuwa yakiendelea, yalikuwa yamewafungua macho. Hadi kufikia siku ya mwisho, binti wa mwaka wa kwanza alikuwa amevaa jezi ya uongozi, sekunde chache tu mbele ya bingwa wa siku nyingi, mwanamke ambaye wenzake walimwita Chuma na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Timu kubwa ikamtuma meneja wake, mama mmoja mpole mwenye sauti ya kubembeleza, aje kumwambia Sisimizi kwamba mlango uko wazi. Akikubali ataanza nao msimu ujao. Atakwenda peke yake, mafundi wanao.

Sisimizi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia jibu atalipata siku mashindano yanapokwisha, jioni, na kwamba neno la mwisho ni la mjomba wake. Kisha akaja kumweleza Mjomba hivyohivyo, bila kupamba, kama mtu anayeuliza kesho tule nini.

"Ukisema nisubiri mwaka mmoja, nasubiri," alisema. "Sitauliza mara mbili."

Mjomba akajibu kwamba atafikiri. Uongo mtupu. Alikuwa ameshafikiri, na jibu alikuwa nalo tayari: asubiri. Mwaka mmoja tu, akomae kidogo, milima haihami, haraka haraka haina baraka. Alikuwa na sababu nyingi nzuri na kila moja alikuwa ameing'arisha kama anavyong'arisha cheni. Ile ya kweli aliificha chini ya zote. Huko atakakokwenda mtoto, nani atakuwa nyuma yake?

Asubuhi ya siku ya mwisho, Mama Mikono akateguka kifundo cha mguu. Huyu alikuwa mkandaji wa timu, mwanamke ambaye akikukanda paja unamtaja marehemu bibi yako, na mchana ndiye aliyesimama kando ya barabara kuwapa waendeshaji chupa za maji wanapopita. Ngazi za hoteli zilimtupa akiwa na birika la chai mkononi. Birika lilipona, mguu haukupona. Kocha akatazama huku na huku, akamwambia Mjomba achukue gari dogo, apande mlimani kabla barabara haijafungwa, akasimame kwenye kona ya mwisho ya maji. Magurudumu atayabadilisha kocha mwenyewe ikibidi.

Mjomba alibisha sana. Alisema kocha hajashika gurudumu tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. Kocha akakubali kwamba ni kweli, ndiyo maana ameanza kuomba dua ya pancha tangu alfajiri, na mjadala ukaishia hapo.

Kabla ya kuondoka, Mjomba alifunga mipira mipya ya breki kwenye baiskeli ya mpwa wake. Baada ya mlima wa siku hiyo kulikuwa na mteremko mrefu wa kona tupu, unaoshuka hadi mjini kwenye mstari wa mwisho, na yeye hatakuwepo nyuma. Alikaza, akajaribu, akakaza tena. Sisimizi alimkuta amepiga magoti mbele ya gurudumu, akamuuliza anaifanyia maombi? Mjomba akamwambia aende akanywe chai yake.

Mama Mikono alimpa mafunzo akiwa amelala, mguu juu ya mito miwili. Chupa inashikwa kwa juu, kidole gumba na cha shahada, basi. Mkono unanyooka lakini hauwi mgumu. Unatembea kuelekea anakokwenda yeye, ili kasi yake isikung'oe bega. Mjomba aliitikia kwa kichwa kila neno, kwa sababu yote aliyajua. Amewaona watu wakiyafanya maisha yake yote. Mama Mikono alimtazama kwa wasiwasi.

"Kazi yako si kumpa," alisema. "Anachukua mwenyewe. Kazi yako ni kuachia. Ukishika, unamwangusha."

Mjomba akasema amesikia.

Alifika konani jua limeshakasirika. Barabara ilikuwa nyembamba, ya lami yenye viraka, ukuta wa mawe upande mmoja na bonde upande wa pili, na watu walikuwa wamejipanga kwa miavuli yao kama wamekuja kumpokea mtawala. Jirani yake alikuwa msusi mmoja aliyefunga saluni siku hiyo, kitana bado amekichomeka kwenye nywele, simu yake ikirusha matangazo ya redio. Alizitazama chupa za Mjomba, akamuuliza anauza? Mjomba akamweleza yeye ni nani. Lahaula. Msusi akawatangazia majirani wote, wa juu na wa chini, kwamba huyu hapa ni mjomba wake Sisimizi, mjomba hasa, wa damu, na watu wakamsogezea nafasi ya mbele. Mzee mzima akaona haya, akajifanya anakagua vifuniko vya chupa.

Kona ile haikuitwa ya mwisho kwa urembo. Kutoka pale hadi kumaliza, sheria ilikataza mtu yeyote kumpa mwendeshaji kitu chochote, awe kwa miguu au kwenye gari. Anayepita pale bila maji amepita bila maji. Na redio ilikuwa inasema kwamba joto limewatawanya wote, wenzake wa timu wamebaki chini huko wakijikokota, na mbele wamesalia wawili tu, Chuma na Sisimizi, na chupa zao zimekauka.

Kwanza zikaja pikipiki. Kisha kelele, zikipanda mlima kutoka mdomo hadi mdomo kabla ya wenyewe kuonekana. Kisha Chuma akatokeza, kinywa kimekazwa, na nyuma ya gurudumu lake, Sisimizi.

Mjomba akanyoosha mkono. Vidole viwili. Akaanza kutembea akiwa ameangalia nyuma, vile vile kama alivyoambiwa. Kila kitu kilikuwa sawa mpaka alipomtazama usoni.

Miwani alikuwa ameipandisha juu ya helmeti kwa sababu ya jasho, na uso ulikuwa wazi. Mjomba alikuwa amejiandaa kuona mateso. Mabega yale aliyajua, na kwenye milima mabega yale yaliteseka, akadhani na uso ni hivyo hivyo. Haukuwa hivyo. Mateso yalikuwepo, lakini yalikuwa yameachwa nje, kama viatu mlangoni. Uso wenyewe ulikuwa umetulia. Ulikuwa uso wa mtu anayesikiliza jambo zuri linalosemwa kwa sauti ya chini sana. Mjomba aliwahi kuuona kwa dada yake, mara chache, akiingiza mkasi kwenye kitambaa cha nguo ya bi harusi, pumzi ameishika, nyumba nzima ikijua kutomsemesha. Lakini dada yake alikuwa amekaa kwenye kiti. Huyu alikuwa anapanda mlima ambao magari yaliupanda kwa gia ya kwanza.

 Kamasi za mtoto huyu alizipenga yeye. Alimfundisha baiskeli mwenyewe, uani, akikimbia nyuma yake ameshika tandiko. Na sasa alikuwa anatazama mtu asiyemjua, mkubwa kuliko wote waliosimama pale, mkubwa kuliko mlima, na mtu huyo alikuwa anakuja moja kwa moja kwake.

Macho yale yalipomfikia, hayakumtambua. Hilo ndilo lililommaliza. Yaliona chupa, yaliona njia, yakaendelea na safari yao. Huko alikokuwa mpwa wake hakukuwa na mjomba, hakukuwa na gari, hakukuwa na nyuma. Mjomba alijaa hofu, na haikuwa ile hofu yake ya kila siku. Ilikuwa ile inayomfanya mtu avue kofia. Akasahau kwamba ana kazi. Akasahau kwamba ana mkono.

Mkono nao ukafanya ulichozoea. Ukaishika chupa kama ulivyolishika lile tandiko la kwanza, vidole vyote vitano. Sisimizi akaikamata, akavuta, chupa haikutoka. Baiskeli ikayumba. Kwa kufumba na kufumbua mjomba na mpwa walikuwa wameshikana barabarani kwa chupa moja ya maji, na gurudumu la mbele likaugeukia ukuta wa mawe. Watu wakavuta pumzi. Kisha mmoja akaachia, na aliyeachia ni msichana. Akaiweka baiskeli sawa kwa kiuno, akainua kichwa, akamfuata Chuma, aliyekuwa ameshaanza kunywa.

Mjomba alibaki na chupa mkononi, imejaa pomoni. Wahenga walituambia kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Hawakusema lolote kuhusu maji yaliyokataa kumwagika. Watu waliomsogezea nafasi asubuhi wakamsogezea zaidi, ila sasa kwa namna nyingine. Msusi alimsogelea. Akamwondolea ile chupa kidole kimoja baada ya kingine, akaiweka juu ya ukuta, akamkalisha kando yake, na simu akaiweka katikati yao.

Redio haikuwa na huruma. Mtangazaji, ambaye hakuwa amefunga mdomo tangu mashindano yaanze, alisema Sisimizi anatikisa kichwa, Sisimizi anapanua mdomo, nafasi kati yake na Chuma imefunguka. Chuma hakugeuka kumtazama, akaenda. Walipofika kileleni, zile sekunde chache za uongozi zilikuwa zimeyeyuka na nyingine juu yake. Kwa hesabu za wakati ule, jezi ilikuwa ya Chuma.

"Bado mteremko," msusi akasema, kumfariji. "Si wanasema ni mwepesi wa kushuka?"

 Hilo ndilo Mjomba alilokuwa analiogopa. Alimjua mtoto wake. Alichonyimwa juu angekitafuta chini, konani, na aliyemnyima ni yeye; kwa mkono wake mwenyewe amemtuma mahali pale ambapo miaka yote alikaa nyuma asije akafika. Na leo hakuna aliye nyuma. Kuna kocha asiyejua kuchomoa gurudumu.

Mtangazaji akaanza kutaja kona. Ya kwanza, ya pili. Alisema binti amejilaza juu ya usukani, kidevu kinataka kugusa tairi. Alisema anaingia kona kwenye ukingo mmoja na kutokea ukingo wa pili, kama maji kwenye mfereji. Alisema, ndugu wasikilizaji, mimi simwoni akishika breki. Mjomba alikuwa anakanyaga udongo kwa mguu wa kulia, kona baada ya kona, mpaka kisigino kikachimba kishimo. Alipokitazama kishimo kile aliona aibu. Akauondoa mguu. Breki hazikuwa zake. Hazikuwahi kuwa zake hata siku moja.

Alifumba macho akautafuta uso ule, na ukaja. Ulikuwa unashuka mlima sasa, umetulia vilevile, unasikiliza vilevile. Akashangaa kuona kwamba anaweza kuvuta pumzi.

Kisha redio ikanyamaza. Msusi akaipiga simu kofi, akaikagua chaji. Simu haikuwa na tatizo. Mlio wa pikipiki ulisikika, na watu wakipiga kelele mbali, lakini mtu yule aliyeongea tangu asubuhi bila kumeza mate alikuwa amenyamaza. Pikipiki ya wapiga picha, ilijulikana baadaye, ilikuwa imeshindwa kumfuata. Dereva wake alishika breki kwenye kona ambayo Sisimizi hakushika. Mtangazaji aliporudi, sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyeingia nyumba ya ibada amechelewa.

"Nimetangaza mashindano haya tangu ujana wangu," alisema. "Sijawahi. Ndugu zangu, sijawahi."

Chuma ndiye aliyekuwa wa kwanza kuukata mstari wa mwisho. Lakini gurudumu la Sisimizi lilikuwa limegusana na kivuli chake, na sekunde zote zilizopotea mlimani zilikuwa zimerudi. Jezi ilibaki mgongoni mwa Sisimizi. Msusi alilia, akampiga Mjomba begani kwa ngumi kama ndiye aliyeshinda, akamkumbatia, akamwambia aende akanawe uso. Ndipo Mjomba alipojua kwamba naye analia.

Jioni, jua bado lipo, alikuwa kwenye ua wa nyuma wa hoteli, karibu na majiko, akiosha baiskeli kwa mpira wa maji na brashi. Alianza na za wenzake. Mipira yao ya breki ilikuwa imelika. Mmoja alikuwa ameutafuna hadi karibu na chuma. Aliyoitaka aliiacha mwisho. Alipochomoa gurudumu na kutazama, alikaa chini pale pale kwenye maji.

Mpira mpya wa breki hutoka kiwandani na mng'aro wake, na mteremko mmoja wa adabu hutosha kuuondoa. Hii ilikuwa bado inang'aa. Pembeni tu palikuwa na alama hafifu, ndogo kuliko ukucha. Mjomba aliipitishia kidole, akaipitishia tena. Alikuwa amezifunga breki zile kwa magoti na dua, na mtoto alikuwa amezibeba hadi chini kama mgeni anavyobeba mwavuli siku isiyo na mvua.

Sisimizi akaja na kandambili, nywele zimelowa, ndizi mkononi, akageuza ndoo akaikalia. Alimaliza ndizi yake kwanza. Huyo ndiye Sisimizi, chakula mbele.

"Pale konani ulinishika," alisema.

"Nilikushika."

"Nilidhani ni mtu tu. Sikujua ni wewe mpaka kiu iliponishika kule juu. Nikasema, aa, huyu si mtu, huyu ni Mjomba." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Ilikuwaje?"

Mjomba alikuwa na visingizio viwili vitatu, jasho, jua, umri. Vyote alivimeza.

"Nisamehe, mwanangu. Sikuwahi kukuona."

"Si uko nyuma yangu kila siku?"

"Ndiyo," Mjomba alisema. "Nyuma."

Sisimizi alimtazama bila kuelewa, na Mjomba akamnyooshea ule mpira wa breki. Mpwa wake aliupokea, akaugeuza kwenye mwanga.

"Hukushika," Mjomba alisema.

"Nilishika. Pale darajani palikuwa na mchanga."

"Na kwingine?"

Alifikiri kweli, kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa kama alifunga mlango. "Kwingine hakukuwa na haja," alisema.

Mwili ulimsisimka Mjomba, kuanzia mikononi hadi utosini, na safari hii hakujaribu kuficha. Alimtazama: ndizi imemwachia alama shavuni, kovu la bega linachungulia kwenye fulana. Mtoto yule yule. Na ndani yake, mahali fulani, alikaa yule mwingine aliyemwona kwa muda wa kuvuta pumzi moja, na ambaye hakuna mjomba duniani anayeweza kumlinda wala kumfuata. Kumbe hakuwahi kumlinda. Alikuwa amepewa tu kiti cha nyuma akaone.

"Yule mama wa timu kubwa yuko mapokezi," Sisimizi alisema. "Tangu saa ile. Nimwambie nini?"

Mjomba alizitafuta sababu zake nzuri, zile alizozing'arisha, na hakuiona hata moja.

"Mwambie ndiyo."

Sisimizi akainamisha kichwa upande wa kulia, vilevile kama anavyofanya barabarani anapopiga hesabu, ila sasa Mjomba aliyaona na macho yanavyofanya: yanajaa maji.

"Mama ataniuliza," alisema. "Ataniuliza nani yuko nyuma yangu."

"Mwambie hakuna mtu. Mwambie kaka yake amehamia mbele."

"Mbele wapi?"

"Konani. Kila mlima una kona. Nitapanda mapema, nisimame na wasusi na watu wengine wote, nikuone unakuja." Aliokota brashi, akaikung'uta maji. "Mgongo wako nimeushiba. Uso wako nimechelewa kuuona, mwanangu."

 Sisimizi alijifuta macho kwa ganda la ndizi, akagundua ni ganda la ndizi, akatumia mkono. Kisha akasimama, akairudisha ndoo mahali pake.

"Njoo," alisema. "Lakini chupa mwachie Mama Mikono."

Akaenda mapokezi. Mjomba akairudisha mipira ile ile kwenye baiskeli, akakaza mara moja, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali hakuibadilisha.